Kabla ya plasta, tukague njia za stima na maji

Mhariri,

Mwezi uliopita niliitwa Kiamunyi, hapa Nakuru, na mama mmoja mpangaji ambaye kwa wiki mbili alikuwa akipigwa na stima kila aliposhika mfereji wa bafuni akiwa ameloa maji. Mwanzoni ulikuwa mtekenyo wa vidole tu, na watoto wake waliufanya mchezo, wakishindana kuona ni nani angeweza kushika chuma cha mfereji kwa muda mrefu zaidi. Siku aliyoniita, mtoto wake wa pili alikuwa amerushwa hadi mlangoni. Nilifungua shawa ya maji moto, nikafungua soketi ya sebuleni, nikafungua kisanduku cha swichi kilichokuwa koridoni, na kila mahali nikakuta jambo lile lile: nyaya mbili tu. Waya wa tatu, ule wa kijani na manjano tunaouita ethi, haukuwapo popote katika nyumba hiyo.

Kwa kawaida kasoro hiyo hurekebishwa kwa siku moja, kwa sababu nyaya hupita ndani ya paipu za kondiuti, na fundi anaweza kuvuta waya wa ziada kutoka kisandukuni hadi kwenye soketi bila kugusa ukuta. Nilipojaribu kupenyeza waya wa kuvutia, ule mgumu tunaotumia kuvuta nyaya nyingine, haukuingia hata inchi mbili. Nikachonga kidogo kando ya swichi, nikaona kwamba hapakuwa na kondiuti. Nyaya zilikuwa zimelazwa moja kwa moja katika tofali na kufunikwa kwa simiti. Vigae vilikuwa vya kupendeza, rangi ilikuwa mpya, na plasta ilikuwa laini kiasi kwamba hakuna mpangaji, wakala wala mnunuzi ambaye angeshuku kitu.

Nimefanya kazi ya stima katika mijengo ya Nakuru kwa miaka 19, na kwa vipindi fulani huko Kisumu na Kakamega. Kama ningeruhusiwa kuweka sharti moja tu juu ya ujenzi wa nyumba za watu binafsi, lingekuwa hili: ukuta usipigwe plasta mpaka njia za stima na mabomba ya maji yaliyomo yawe yamekaguliwa na kupimwa, mwenye nyumba akiwa ameshuhudia, na fundi awe amelipwa malipo ya hatua hiyo. Wenye nyumba wengi huona kwamba malipo ya fundi ni jambo langu na usalama ni jambo lao. Ninavyojua mimi, kilichofichwa Kiamunyi kilifichwa kwa sababu mambo hayo mawili yalitenganishwa.

Niruhusu nieleze kazi inavyokwenda. Fundi wa stima haji mjengoni mara moja. Anaitwa kwanza vyuma vya slabu vikishafungwa na kabla zege halijamwagwa, ili alaze kondiuti za taa za chini. Siku hiyo mashine ya kuchanganya zege imekodiwa, vibarua wamesimama na karai mikononi, na kila dakika ya fundi wa stima huhesabiwa kuwa hasara. Anaitwa tena kuta zikisimama, achonge njia, afunge kondiuti na masanduku ya swichi na soketi. Hapo ndipo waashi wa plasta wanapomsukuma kutoka nyuma, kwa kuwa nao wanataka kumaliza kabla ya malipo ya Jumamosi. Plasta ikikauka ndipo anaporudi kuvuta nyaya, na rangi ikipakwa ndipo anapofunga swichi, soketi na taa. Fundi wa mabomba naye hufuata mwendo huo huo, isipokuwa kwamba makosa yake hujitokeza mapema zaidi, kwa sababu maji hayajui kujificha kwa miaka.

Kufikia hatua ya plasta, mwenye nyumba ameshachoka. Msingi ulimeza pesa nyingi kuliko alivyotarajia, chuma kilipanda bei, na mkopo wa chama umeanza kudaiwa. Anapotazama ukuta uliochongwa, anaona uharibifu wa tofali zake, haoni kazi. Anaiona kazi taa zinapowaka. Ndiyo maana mafundi wengi huambiwa, "Fundi, maliza kwanza, stima ikiwaka tutaongea." Mwaka jana nilifanya kazi katika nyumba moja ya kibinafsi, ambayo mtaa wake sitautaja, kwa makubaliano ya shilingi 300 kwa kila pointi, yaani kila mahali pa taa, swichi au soketi. Pointi zilikuwa 64, na hivyo leba yote ilikuwa shilingi 19,200. Nililipwa shilingi 6,000 kama advansi, nikalaza kondiuti zote, na plasta ikapigwa. Nilipouliza malipo ya hatua hiyo, niliambiwa nisubiri. Niliposema siwezi kuendelea bila nauli na chakula cha kijana wangu wa mkono, akatafutwa fundi mwingine wa kuvuta nyaya. Kazi yangu ilikuwa ndani ya ukuta, na sikuwa na namna ya kumwonyesha mtu yeyote kwamba ipo.

Fundi aliyewahi kutendewa hivyo mara tatu au nne huanza kujilinda, na namna anavyojilinda ndiyo inayopaswa kumtia hofu kila mwenye nyumba. Huacha kutumia saa zake mahali pasipoonekana. Badala ya kupinda kondiuti polepole kwa springi ili waya upite bila kukwama, hufunga kona kali na kumwachia atakayekuja baadaye. Hupitisha nyaya za milimita mraba 2.5 mahali panapohitaji 4 au 6. Ufito wa ethi unaopaswa kupigiliwa ardhini huukata kwa msumeno ili kipande kimoja kitumike katika nyumba mbili. Hilo nimeliona kwa macho yangu, na aliyekuwa akikata hakuwa mtu asiyejua. Alikuwa amepita mtihani wa ufundi kama mimi.

Wala mimi si msafi katika hili. Mwaka 2009 nilifunga stima katika ploti ya vyumba kumi kule Kaptembwo. Wakati huo nilikuwa na gredi ya tatu tu, ile ya chini kabisa ya ufundi, nilikuwa nimekaa wiki mbili bila kazi, na mwenye ploti alileta nyaya bila kondiuti hata moja, akasema waashi watafunika. Nilifanya kama nilivyoambiwa. Nilirudi mwaka 2014 kumwomba aniruhusu nirekebishe bila malipo ya leba, yeye anunue vifaa tu. Aliniruhusu vyumba vinne, vile vilivyokuwa havina wapangaji wakati huo. Vyumba sita vilivyobaki bado viko vile nilivyoviacha, na kila ninapopita barabara ile nahesabu milango yake.

Kwa wasomaji ambao hawafanyi kazi hii, pengine ni vyema nieleze uzito wa waya mmoja. Shawa ya umeme ya maji moto, ile ya plastiki inayofungwa juu ya kichwa, huwa na nguvu ya karibu kilowati 5.5. Kwa volti 240 zinazotumika nchini Kenya, huvuta takriban ampea 23. Swichi ya kinga dhidi ya stima inayovuja hutengenezwa ikate inapofika miliampea 30, kwa sababu kiasi kinachozidi hapo kikipita kifuani kinaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Ndani ya kifaa kile kidogo, juu ya mtoto anayeoga, kunapita stima iliyo zaidi ya mara 700 ya kiwango hicho. Waya wa ethi ukiwapo, stima inayovuja hupata njia ya kurudi, na swichi hukata kabla mtu hajagusa chuma. Usipokuwapo, chuma hukaa na stima kikisubiri, na mtu mwenyewe ndiye anayekuwa ile njia.

Hapa Nakuru kuna jambo lingine linaloongeza hatari. Nyumba nyingi hutegemea maji ya visima vya kuchimbwa, na maji ya Bonde la Ufa yana madini mengi, ikiwemo ile floraidi inayoacha madoa ya kahawia kwenye meno ya watoto wetu. Maji yenye chumvichumvi hupitisha stima kwa urahisi kuliko maji ya mvua. Watengenezaji wa shawa wanalijua hilo, ndiyo maana zipo shawa za maji ya chumvi ambazo koili yake imefunikwa ili isigusane na maji, na zipo za maji ya kawaida ambazo koili yake iko wazi. Dukani zote mbili hukaa rafu moja, na ya pili ni rahisi bei. Tena udongo wetu wa majivu ya volkano hunyonya maji haraka na kukauka haraka, na udongo mkavu haupokei stima vizuri. Kwa hiyo ufito wa ethi uliokatwa nusu, ambao pengine ungesaidia kidogo wakati wa mvua, unaweza kuwa chuma kitupu kufikia Februari.

Kule Kisumu nilifanya kazi kwa miezi mingi pamoja na fundi wa mabomba ambaye alinifunza kuogopa udongo. Sehemu za uwanda wa Kano zina udongo mweusi wa mfinyanzi, unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na paipu iliyolazwa humo bila kitanda cha mchanga huvutwa huku na huku mpaka kiungo kinaachia. Mzee huyo alikuwa na desturi ambayo waashi waliichukia. Akishaunganisha paipu za plastiki za PPR kwa mashine ya moto wa nyuzi 260, alifunga ncha zote, akajaza maji, akapandisha presha kwa pampu ya mkono hadi mara moja na nusu ya presha ya kawaida ya nyumba, kisha akaketi mbele ya geji na kutazama mshale. Hakuondoka. Kama mwenye nyumba hakuwapo, alimpigia simu aje atazame naye. Mshale ulipobaki mahali pake, alisema, "Bwana mkubwa, umeona mwenyewe, sasa nilipe ya leo, na waashi waingie." Katika miezi yote niliyokuwa naye sikuona akidhulumiwa malipo, na sikusikia akiitwa kubomoa vigae.

Nilichojifunza kwake ndicho ninachokiomba kwa nyumba zote. Njia za stima nazo zinaweza kushuhudiwa. Kabla ya plasta, fundi apenyeze waya wa kuvutia katika kila kondiuti mwenye nyumba akiona, kutoka kisandukuni hadi mwisho, ili ijulikane kwamba njia ipo, haikuziba kwa zege, na ni pana ya kutosha nyaya tatu. Ahesabu pointi na kulinganisha na makubaliano. Baadaye nyaya zikivutwa, kabla ya swichi na taa kufungwa, azipime kwa kile kipimo tunachokiita mega, kinachosukuma volti 500 kuangalia kama ganda la waya limejeruhiwa, na apime kama ethi ya kila soketi inafika kweli kwenye ufito. Kwa nyumba ya vyumba vitatu vya kulala, shughuli ya kwanza huchukua asubuhi moja, na ya pili huchukua asubuhi nyingine.

Mwenye nyumba naye apige picha za kila ukuta kwa simu yake kabla haujafunikwa, futi ya kupimia ikiwa imewekwa kando ili umbali uonekane, na azihifadhi. Nimeitwa mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka kwa sababu kijana aliyekuja kutundika pazia au televisheni alitoboa paipu ya maji au waya wa soketi. Picha moja ingemwonyesha pa kutoboa, na picha hiyo hiyo ingekuwa ushahidi wa fundi kwamba alifanya kazi, na ushahidi wa mwenye nyumba siku anapouza.

Wapo watakaosema kwamba sheria tayari zinatosha. Ni kweli kwamba tuna sheria. Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 imeipa EPRA, mamlaka inayosimamia kawi na mafuta, jukumu la kutoa leseni kwa mafundi wa stima kulingana na viwango vyao. NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, hutahini mafundi kwa gredi tatu, na kituo chake cha Kisumu kimewatoa wengi ninaowaheshimu. Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, husajili makontrakta na mafundi. Tena Kenya Power haifungi mita mpaka ipokee cheti kinachosema kwamba kazi ya nyaya imekamilika, kikiwa na sahihi ya fundi mwenye leseni. Lakini angalia sahihi hiyo hutiwa lini. Hutiwa mwisho, plasta imekauka na rangi imepakwa. Mara kadhaa nimepigiwa simu na watu nisiowajua, wakiniomba nitie sahihi kazi ya nyumba ambayo sijawahi kuingia, kwa malipo ambayo ni rahisi kuyapata kuliko kuchonga ukuta siku mbili. Nimekataa, na ninajua kwamba stima iliwaka katika nyumba hizo hata hivyo. Hata fundi mwaminifu anayefika kukagua siku hiyo ya mwisho anaweza kupima nyaya, lakini hawezi kuona kama zimo ndani ya kondiuti mpaka avunje.

Katika miradi mikubwa ya serikali ambayo nimewahi kufanyia kazi, mambo hayaendi hivyo. Huko hakuna ukuta unaofunikwa kabla mhandisi hajapita na kutia sahihi, na malipo hufuata hatua. Sidhani kwamba mtu anayejijengea nyumba ya vyumba vitatu Lanet, au ploti ya kupangisha Free Area, anastahili usalama mdogo kuliko huo, wala wapangaji wake. Maafisa wa kaunti huja kutazama msingi na vyuma vya slabu kabla ya zege, kwa kuwa wanajua zege likishamwagwa hakuna anayeweza kuona. Ninaiomba serikali ya Kaunti ya Nakuru, na za Kisumu na Kakamega ambako pia nimefanya kazi, ziongeze ziara moja kabla ya plasta kwa sababu hiyo hiyo, na katika ziara hiyo afisa atie sahihi karatasi moja inayoonyesha kwamba kondiuti na mabomba yamepimwa, na jina la aliyepima. Karatasi hiyo iambatishwe na cheti kinachopelekwa Kenya Power. Najua maafisa ni wachache na mijengo ni mingi tangu Nakuru ilipopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021. Hata hivyo, ziara hiyo haihitaji kila ukuta kutazamwa kwa lenzi. Fundi anayejua kwamba huenda afisa akaja hatalaza waya katika tofali.

Kuhusu malipo, nawaambia mafundi wenzangu neno moja. Tuache kufanya makubaliano ya mdomo tukiwa tumesimama juu ya mchanga. Andika idadi ya pointi, bei ya kila pointi, na kiasi kitakacholipwa kabla ya plasta, hata kama ni kwa ujumbe wa simu ambao mwenye nyumba ataujibu kwa kukubali. Anayedaiwa malipo ya kazi ya kandarasi anaweza kushtakiwa katika Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na sheria yake ya mwaka 2016 inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Mimi nilikuwa sina maandishi yoyote juu ya zile shilingi 13,200 nilizobaki nikidai, na hilo lilikuwa kosa langu mwenyewe.

Nirudi Kiamunyi. Tulichukua siku 11 kuchonga upya kuta za nyumba ile, na muda huo wote mama yule na watoto wake walioga kwa beseni nyumbani kwa jirani. Vigae vya bafuni vilivunjwa vyote. Mwenye nyumba, ambaye hakuwa mtu mkali wala mchoyo, alisimama mlangoni siku ya tatu akatazama vumbi, akaniambia kwamba fundi wa kwanza alimweleza habari ya kondiuti na ethi, naye akamjibu kwamba hizo ni gharama za kuongezea mafundi pesa. Ana msingi wa nyumba nyingine Lanet, na kuta zimeanza kupanda. Tumekubaliana kwa maandishi, hatua kwa hatua, na ameniambia waashi wa plasta hawataitwa mpaka yeye mwenyewe aje kutazama waya wa kuvutia ukitokea upande wa pili.

Fundi wa Stima (jina limehifadhiwa),
Nakuru.